Mbingu ya Kuazima

Katika vitabu hivi tumezoea kusema juu ya hadithi, ndoa, majina na matanga. Leo tunaleta ulizo moja ambalo linaonekana kuwa la mafundi wa foto peke yao, lakini ukilichunguza utaona linagusa kila mtu mwenye kutoa habari kwa mwenzake. Ulizo ni hili: mpiga foto akichukua mbingu ya siku moja na kuiweka juu ya inchi ya siku ingine, amesema uongo ao hapana?

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanahukumu bila kujua ginsi ilivyofanyika. Mwaka wa 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza namna ya kupaka kioo dawa ya kolodioni, na wapiga foto wakapata negatifu safi sana. Lakini dawa ile ilikuwa na kilema: mwangaza wa bluu iliuona kupita kiasi, na rangi ya majani na ya udongo iliiona kidogo tu. Basi ukiacha kioo kipokee mwangaza kwa muda unaotosha miti na mawe, mbingu inakuwa imekwisha kuungua. Kwenye karatasi inatoka nyeupe tupu, bila wingu hata moja. Ukifupisha muda ili kuokoa mawingu, inchi inatoka nyeusi kama makaa.

Njo maana mafundi wakashika njia ya negatifu mbili, moja ya inchi na moja ya mawingu. Fundi anakata karatasi nyeusi kufuata mstari wa milima ao wa bahari, anafunika upande wa mbingu na kuchapa inchi peke yake. Kiisha anafunika inchi, analeta negatifu ya mawingu pale pale, na kuchapa mbingu. Baadaye, mashini ya kukuza foto ilipoingia katika chumba cha giza, kazi ilibaki ile ile: mkono na karatasi vinazuia mwangaza fasi moja na kuuachia fasi ingine. Fundi akiwa na mkono mzuri, hakuna anayeona mshono.

Mfaransa Gustave Le Gray alijulikana sana kwa kazi hii. Foto zake za bahari, za miaka ya 1856 na 1857, ziliwashangaza watu wa London na Paris. Katika ile ya wimbi kubwa la Sète, mji wa kusini ya Ufaransa, maji ni ya negatifu moja na mawingu ni ya ingine. Tena wachunguzi wameona kwamba kuna mbingu moja aliyoitumia juu ya bahari zaidi ya moja.

Mtu wa haraka atasema: "Ile ni bongo, bwana!" Tumwombe angoje kidogo. Ile mbingu nyeupe tupu, yenyewe ilikuwa kweli? Hakuna mtu aliyesimama mbele ya bahari akaona juu yake karatasi isiyoandikwa kitu. Negatifu ambayo haikuguswa ilidanganya pia, ila hakuna aliyeilaumu, sababu uongo wake haukuwa na mwenye kuusema. Ni kusema, kuacha kitu bila kukigusa si sawa na kusema kweli. Le Gray alipoweka mawingu, aliyarudishia macho kile ambacho dawa iliyanyima.

Lakini hoja hii ina mpaka wake. Alirudisha mawingu, ndiyo. Hakurudisha yale mawingu ya pale. Foto inaonyesha saa ambayo haikupata kuwako duniani. Kwa mtu anayetafuta uzuri wa bahari, hakuna kitu alichoibiwa. Kwa nahodha anayetaka kujua hali ya hewa ya siku ile, ameibiwa kabisa. Foto ni moja, lakini hao wawili hawaidai kitu kimoja.

Wazee wetu waliijua tofauti hii mbele ya foto kufika. Jioni kwenye moto, mwenye kutoa hadithi anaongeza mvua, anaongeza simba, na watoto wanafurahi. Hakuna anayemwuliza simba yule alikufa mwaka gani. Kesho yake mtu yule yule akiitwa mbele ya baraza kwa maneno ya shamba, wanamwuliza: "Uliona weye mwenyewe, ao ulisikia tu?" Pale akiongeza hata mti mmoja kwenye mpaka, atalipa. Ulimi wake haukubadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho watu wanamtegemea kwacho. Hata katika studio za miji yetu, mteja aliposimama mbele ya pazia lililochorwa ndege ao jumba la gorofa, nani alidanganywa? Mteja alijua, mpiga foto alijua, na shangazi aliyetumiwa foto kule mugini alijua pia, akacheka.

Mambo yanakuwa mazito foto inapokuwa ya vita. Mwaka wa 1917 Mwaustralia Frank Hurley alikuwa mpiga foto rasmi wa jeshi la kwao, kule Ubelgiji, katika vita kuu ya kwanza. Aliona kwamba negatifu moja haiwezi kubeba vita: askari wako huku, moshi uko kule, ndege iko mbali juu. Akaunganisha. Katika foto moja ya uwanja wa Passchendaele, penye maiti katika matope, aliweka juu yao mawingu makubwa yenye miale ya jua. Charles Bean, mwandishi wa habari za jeshi lile, alikataa kabisa. Kwake foto za vita ni ushahidi, na kuziongezea ni udanganyifu. Hurley akatisha kuacha kazi. Mwishowe akaruhusiwa kutengeneza picha sita za namna ile kwa ajili ya maonyesho, kwa sharti moja: iandikwe wazi kwamba zimeunganishwa.

Hatutaki kumcheka Hurley. Alikuwa pale, na aliona mengi kuliko kioo chake kilivyoweza kushika. Lakini tufikiri juu ya ile miale. Inamwambia mama aliyefiwa kwamba mbingu ilifunguka juu ya mtoto wake. Labda mama mwenyewe alitamani kuamini hivyo. Wale waliolala katika matope hawakuipata mbingu ile, na hawana tena kinywa cha kuikataa.

Je, sharti la kuandika linatosha? Ni sharti zuri, tunalikubali. Shida ni kwamba maandiko yanabaki ukutani na foto inaendelea na safari. Sisi Wakongomani tunalijua hili vizuri. Katika miaka hii ya vita ya Mashariki, tumeona foto zinapita katika simu zetu, maiti za inchi ingine zikipewa jina la kijiji chetu. Pale hakuna mkasi wala dawa. Ni maneno tu yamewekwa juu ya foto, nayo ni mbingu ya kuazima. Hasira inayotoka pale, ile haikuazimwa.

Kuna njia ingine, na tuliiona kwetu Lubumbashi. Sammy Baloji, katika kazi yake ya mwaka wa 2006 inayoitwa "Mémoire", alichukua wafanyakazi kutoka foto za wakati wa ukoloni, akawasimamisha katika viwanda vya Gécamines vilivyochakaa, alivyovipiga foto mwenyewe. Watu wa zamani wamebaki bila rangi. Viwanda vina rangi ya kutu na ya vumbi. Mshono hakuuficha. Kila mwenye kutazama anajua kwamba nyakati mbili zimekutanishwa, na njo pale anaanza kuuliza: hawa walienda wapi, na jasho lao lilizaa nini?

Basi maoni yetu ni haya. Kuunganisha si kosa, na kutounganisha si usafi. Kosa linaingia pale mtu anapojua kwamba mwenzake anaitegemea foto kama ushahidi, kiisha anaficha mshono. Na foto inapokuwa ya marehemu ao ya watu walioumia, tusiangalie tu kama mtazamaji atafurahi ao atafarijika. Tuulize pia kama wale wa kwenye foto wangekubali.

Wanachama wengi wanatuletea foto za wazee ili zihifadhiwe, na vijana wanazisafisha kwa mashini, wanaondoa nyufa, wanaweka rangi na mbingu ya bluu. Hatuwakatazi. Tunaomba mambo mawili tu: foto ya kwanza ibaki bila kuguswa, na nyuma ya ile ya pili iandikwe kilichoongezwa, mwaka gani, na kwa sababu gani. Wajukuu wakiuliza mbingu ile ilitoka wapi, wapate jibu.