Kupanda na Kushuka

Subaru WRX STI iliyotoka kiwandani na mbio zake, ama Impreza ya kawaida iliyoongezwa nguvu na fundi? Fundi mmoja wa Nakuru aliniambia nisisumbuke: turbo kubwa, programu mpya ya injini, na hizo STI zitabaki kusoma namba yangu. Tena kwa bei ya chini.

Simcheki mtu anayetaka nguvu. Mimi ni wa Mau Narok, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, injini inahema kama mgeni. Lakini barabara inayopanda kutoka Njoro ndiyo hiyo hiyo inayoshuka, na humo mna malori ya viazi, punda wa maziwa na watoto wa shule.

"Na breki?" nikamuuliza.

"Hizo tutaona baadaye, boss."

STI nyingi za miaka ya 2000 zilitoka na breki za Brembo na gia sita. Aliyeongeza nguvu alijua kuna siku itabidi izuiwe. Kiwanda hakina utu kumshinda fundi; fundi mzuri hufanya vivyo hivyo. Nikamwomba apige hesabu upya: breki, klachi, tairi. Ikakaribia bei ya STI.

Hapo ndipo nilipoona. Zile pesa nilizodhani naokoa zilikuwa deni, na wa kulilipa angekuwa mama mwenye punda, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Nilichukua ya fundi. Breki zilifungwa kwanza.