Kabla ya Mtoto

Soma 1 Samweli 1:1–20.

Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo walitua mizigo kila kambi. Pwani ilikuwa bado mbali, lakini kutua kulikuwa sehemu ya safari. Leo wapo wanandoa wa Tabora wanaokwenda Dar es Salaam kwa treni au basi kutafuta matibabu ya uzazi: vipimo, sindano, pengine kupandikiziwa mimba, kisha kungoja. (Mara nyingi mke hupimwa peke yake, ingawa tatizo laweza kuwa la mume.) Wakiamua kupumzika miezi michache kabla ya kujaribu tena, je, wamepungukiwa imani?

Elkana alimpenda Hana, lakini swali lake katika fungu la 8 lilimtaka mke amfariji yeye. Eli alimdhania kuwa mlevi. Hatimaye, akiisha kummiminia Bwana moyo wake na kusikilizwa, Hana alikula, na huzuni ikamtoka usoni. Hilo ni fungu la 18; mimba inatajwa katika fungu la 20.

Dada asiyeonekana kanisani Sabato ya kubariki watoto, darasa lenu humwuliza nini?