Masurufu Kwanza, Lifti Baadaye



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyeitandaza ardhi na kutuwekea njia za kupita. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu zangu wa kiume na wa kike, muhula unakwisha. Siku chache zijazo tutatoka Nagongera kwenda Tororo, na kutoka hapo kila mtu ashike njia yake. Wengine wataelekea Mbale, wengine Jinja na Kampala, na wenzetu wa Kenya watavuka Malaba au Busia. Kila mwisho wa muhula nasikia maneno yale yale msikitini baada ya Isha: "Sheikh, nauli imekwisha. Nitasimama barabarani, Allah ataleta gari." Nikimuuliza amejiandaa vipi, ananijibu: "Nimetawakali."

Leo nataka tuliangalie jibu hilo, kwa sababu lina neno kubwa la dini ndani yake.

Katika Suratul Baqara, aya ya 197, Allah anawaamrisha mahujaji wachukue masurufu, kisha anawakumbusha kuwa masurufu bora ni uchamungu. Ibn Abbas (R.A.), katika riwaya iliyo ndani ya Sahih Bukhari, ameeleza sababu ya kushuka kwake. Palikuwa na watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija mikono mitupu, wakijiita watu wa tawakkul. Wakifika Makka wanageuka ombaomba. Allah hakuwasifu kwa hilo. Aliwaambia wabebe chakula cha njiani. Wengi wetu tunaishika sehemu ya pili ya aya, ile ya uchamungu, na kuiacha ya kwanza, ya mfuko wa safari.

Tazama sasa Hijra. Hakuna msafiri aliyemtegemea Allah kuliko Mtume (S.A.W.) usiku ule, na hakuna safari iliyopangwa vizuri kuliko ile. Abubakar (R.A.) alikuwa amewalisha ngamia wawili kwa miezi kadhaa wakisubiri ruhusa. Alipomtolea Mtume mmoja wao, Mtume alikubali kwa sharti la kumlipa thamani yake. Asmaa bint Abubakar (R.A.) aliwafungia chakula. Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Mwislamu, alikodiwa awe kiongozi wa njia kwa sababu aliijua na aliaminika. Wakakaa siku tatu katika pango la Thawr hadi msako upungue. Kipando, malipo, chakula, kiongozi na wakati wa kutoka, vyote viliandaliwa. Hiyo ndiyo tawakkul.

Je, hii ina maana lifti ni haramu? Hapana. Mtume (S.A.W.) aliwapakia nyuma yake Ibn Abbas, Muadh na wengine. Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri iliyopokewa na Muslim, aliwaamrisha wenye kipando cha ziada wampe asiyekuwa nacho. Kwa hiyo nyinyi wenye pikipiki, na wazazi wanaokuja na magari kuchukua watoto wao, kiti kilicho wazi ni amana. Lakini amri ile ilielekezwa kwa mwenye kipando. Asiyekuwa nacho hakuambiwa ajitie barabarani ovyo, na Allah ametukataza kujitupa kwenye maangamizi kwa mikono yetu wenyewe.

Basi ikiwa huna budi kuomba lifti, yashike haya.

Kwanza, usiende peke yako, na usiende usiku. Mtume (S.A.W.) alitahadharisha juu ya mpanda farasi anayesafiri usiku akiwa pekee, na akawafundisha wasafiri watatu wamteue mmoja wao awe amiri. Tokeni watatu baada ya Alfajiri. Amiri ndiye azungumze na dereva, na ndiye awe na neno la mwisho: tunapanda au hatupandi.

Pili, chagueni pa kusimama. Simameni mahali ambapo magari yanasimama kwa shughuli zake, kama kituo cha mafuta au karibu na mizani ya Busitema. Pale mnapata nafasi ya kumwona dereva usoni na kusikia anavyozungumza. Msisimame kwenye kona wala mteremkoni, na msikubali kushushwa katikati ya msitu wa Busitema kwa ahadi ya gari jingine. Kabla ya kupanda, mtumieni mtu aliyebaki chuoni namba ya gari.

Tatu, elewaneni malipo kabla ya mguu kuacha ardhi. Huku kwetu dereva akikusimamia, mara nyingi anatarajia kitu. Muulize waziwazi: "Ni msaada au ni kwa malipo? Kiasi gani?" Ugomvi mwingi wa njiani huanza kwa abiria aliyedhani ni sadaka na dereva aliyedhani ni biashara. Kama ni msaada, keti pale mwenye gari anapokuelekeza. Mtume (S.A.W.) alipokaribishwa na mtu kwenye punda wake, alimwambia mwenye mnyama ndiye mwenye haki zaidi ya kukaa mbele, mpaka yule mtu alipompa nafasi hiyo kwa ridhaa yake.

Nne, jueni magari ya kukataa. Dereva mwenye harufu ya pombe, au anayesinzia, mwache aende zake. Msipande juu ya shehena ya saruji wala ya mbao. Lori la mafuta msilikaribie. Julai 2021 lilipinduka moja pale Malanga, kaunti ya Siaya, kwenye barabara ya Busia kwenda Kisumu. Watu wakakimbilia kuteka mafuta, likalipuka, na zaidi ya kumi wakafa. Kukataa lifti si kukataa riziki.

Tano, mpakani shukeni. Busia ndipo inaposemekana jina boda boda lilizaliwa, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Leo kuna kituo cha pamoja, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, na msafiri anakaguliwa mara moja tu upande anaoingia. Kwa raia wa Kenya na Uganda kitambulisho cha taifa kinatosha. Basi piteni kwa miguu, muonekane dirishani, kisha mtafute gari upande wa pili. Msijifiche ndani ya trela, msifuate njia za panya, na msibebe furushi la mtu msiyemjua, hata akisema ni zawadi ya mama yake. Likifunguliwa mbele ya askari wa forodha, litakuwa lako.

Sita, dada zangu. Mtume (S.A.W.) alikataza mwanamke kusafiri bila maharimu, na akakataza mwanamume na mwanamke kukaa faragha. Wanazuoni wamejadili safari za kundi zenye amani. Lakini kuingia peke yako kwenye kichwa cha trela, pamoja na dereva na utingo usiowajua, hakuna mjadala wa fiqhi unaokufikisha huko. Kwako wewe jibu la lifti ni hapana, na jukumu la kukutafutia njia nyingine ni letu sote.

Hapo ndipo ninapotaka kuwaelekeza wenye uwezo. Allah ametaja makundi manane ya wanaostahiki zaka katika Suratu Tawba, aya ya 60, na la mwisho ni ibnu sabil, mwana wa njia. Ni msafiri aliyekatikiwa, hata kama kwao ana mali. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, hata anayeanza safari halali akiwa hana nauli anaingia humo. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyekwama Nagongera ana fungu lake lililotajwa ndani ya Qur'ani. Akija kuomba nauli, haombi hisani. Anadai haki yake.

Kwa hiyo napendekeza jumuiya yetu itenge fungu la ibnu sabil kila muhula, likusanywe mapema na ligawiwe kwa siri. Nauli ya kumfikisha dada mmoja nyumbani mchana, ndani ya teksi yenye abiria wengine, ni ndogo mno ukilinganisha na majuto tutakayokuwa nayo akipotea. Na wewe uliyeishiwa, usione haya. Njoo wiki mbili kabla ya mitihani kwisha. Usisubiri hadi jioni ya kuondoka.

Ukishapanda, soma dua ya safari iliyo katika Suratu Zukhruf, aya ya 13 na 14. Safari ya Nagongera hadi Tororo ni kilomita zipatazo 20, hivyo swala haipunguzwi. Anayekwenda Kampala au Kisumu anaruhusiwa kupunguza akishaacha nyumba za mji. Ukifika, mshukuru dereva na umwombee, awe Mwislamu au asiwe, kwani asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Kisha piga simu chuoni ili aliyebaki na namba ya gari apate usingizi.

Ewe Mola wetu, wafikishe wasafiri wetu salama, wape masurufu ya mwilini na ya moyoni, na utufanye sisi kuwa sababu ya kufika kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.