Umeshachukuliwa Alama za Vidole?

Sanduku lilipimwa kwa mizani ya mwuza viazi. Ilikuwa Desemba 2024, hapa kwetu Landless, Thika, hatua chache kutoka barabara ya Garissa, na fundi wetu wa kushona alikuwa amelibeba mwenyewe sanduku lake jipya la bluu kutoka nyumbani. Mama wa viazi alilitundika kwenye ndoano, akasubiri mshale utulie. "25, dada. Itabidi utoe kilo mbili." Fundi akapiga magoti vumbini, akafungua zipu, akatoa pakiti ya unga wa wimbi. Akaishika kidogo, akairudisha, akatoa viatu badala yake. Watoto wakashangilia mshale uliposhuka hadi 23. Sisi wakubwa tulimpongeza.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu kulipima. Hakuwa na viza. Hakuwa amekanyaga ubalozi wowote. Na katika sisi sote tuliosimama pale, mimi nikiwemo, hakuna aliyeuliza.

Habari ilianza Septemba ile. Tarehe 13, serikali ya Kenya na ya Ujerumani zilitia saini makubaliano ya ajira mjini Berlin, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwepo. Mkataba wenyewe ulikuwa wa kweli. Lakini jioni ile ile ikaanza kuzunguka hesabu ya nafasi 250,000 za kazi kwa Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha mara moja, ikasema makubaliano hayana idadi yoyote ndani yake. Kanusho halikufika Landless. Hesabu ilifika. Niliisikia kwa makanga wa Makongeni, nikaisikia kanisani, na wiki ya pili nikaisikia kwa fundi mwenyewe akiwa na pini mdomoni, ananipima suruali. Alikuwa amepata ajenti mwenye ofisi juu ya duka moja mjini Thika. Kazi ingekuwa ya kuhudumia wazee. Kijerumani angefundishwa akishafika.

Nataka nieleze vizuri jinsi pesa ilivyotoka, kwa sababu watu wanaosimuliwa kisa kama hiki hudhani mtu aliamka siku moja akatoa laki mbili. Hakuna anayefanya hivyo. Alianza na 5,000 za kujiandikisha, na kwa pesa hiyo alipewa risiti yenye muhuri na faili lenye jina lake. Kisha 15,000 za kupimwa afya, na kweli alipimwa, akatolewa damu, akapewa karatasi. Mtu akishatolewa damu anaona safari imeanza. Baadaye ikaja 85,000 ya viza. Baada ya hapo bima, 30,000. Kila malipo yalikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilifanya malipo yanayofuata yaonekane madogo.

Ajenti hakuomba pesa tu. Alimuuliza kama amempa mwenye nyumba notisi. Alimuuliza cherehani atamwachia nani, akamwambia vifaa vya kazi vikikaa bila mtu huharibika. Kwenye kundi la WhatsApp la wasafiri aliwahimiza waweke picha za masanduku yao yaliyofungwa, na waliochelewa wakaonekana hawana nia. Wakati ule tuliona ni upole wa mtu anayejali wateja wake. Leo naamini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa kuliko kupokea pesa. Mtu aliyebakiza cherehani anaweza kukasirika, akadai chake, akarudi kazini kesho yake. Aliyeuza kila kitu hana pa kurudi, kwa hiyo atalipa tena.

Akauza. Singer nyeusi ya kukanyaga, ambayo ndiyo aliyojifunzia kazi, ilienda kwa 18,000. Ovaloki ikaenda kwa 35,000. Alizinunua fundi mwingine wa upande wa Kiganjo. Chama kikampa mkopo wa 60,000. Na haya yote yalifanyika Desemba, mwezi ambao fundi wa kushona hapa kwetu hapaswi hata kuugua. Januari 2025 ndipo gredi ya 9 ilipoanza kwa mara ya kwanza nchini, na wazazi walikuwa mbio kutafuta sare za shule. Mwaka mwingine wowote fundi huyu angekuwa anashona hadi usiku wa manane. Safari hii akina mama walikuja na vitambaa, wakakuta mlango wa mabati umefungwa kwa kufuli.

Tulimfanyia maombi ya kumuaga Jumapili ya kwanza ya Januari. Palikuwa na viti vya kukodi, chapati, na mzee mmoja aliyezungumza kwa niaba ya majirani. Nilitoa 2,000 nikapiga makofi. Nikikumbuka zile 2,000 naona uchungu, na si kwa sababu zilipotea. Kila aliyetoa kitu siku ile alimwongezea mzigo. Kuanzia hapo hakuwa akisafiri kwa ajili yake peke yake. Ilikuwa safari ya kanisa, ya chama, na ya ndugu aliyeweka rehani pikipiki yake ya boda boda. Ajenti alipopiga simu Februari akadai 70,000 za tiketi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine, mwanamke yule angewaambia nini watu waliomlisha chapati na kumwombea?

Hapo ndipo alipomwendea mama yake, ambaye mtaani tunamwita shosho, kuomba hati ya kaploti.

Mtaa wetu una jina la watu wasio na ardhi, na wazee wanaomiliki kipande hapa wanajua walivyokipata. Shosho alimsikiliza mwanawe hadi mwisho. Hakumkemea. Alimuuliza jambo moja tu: "Hao watu wa Ujerumani umeongea nao lini?" Fundi akasema anaongea na ajenti. Shosho akauliza tena, vile vile, kwa sauti ile ile. Kisha akasema hati haitoki. Walikosana vibaya, na kwa wiki mbili fundi hakumsalimia mama yake. Ninalisema hili kwa sababu mzazi anayekataa kuuza ardhi siku hizi huitwa mzee mwoga anayezuia baraka za watoto. Kukataa kwake ndiko kulikoiokoa nyumba wanayolala hadi leo.

Swali la shosho ndilo ambalo sisi wenye simu na elimu tulipaswa kuuliza tangu Septemba. Viza ya kwenda kufanya kazi Ujerumani haipatikani bila mwombaji kufika yeye mwenyewe kwa miadi, kuhojiwa, na kuchukuliwa alama za vidole. Ada yake ni yuro 75, kama shilingi 11,000 hivi, na hulipwa huko huko inakoombwa. Hakuna mtu juu ya duka mjini Thika anayeweza "kushughulikia" viza ya vidole ambavyo havijaguswa. Kazi za kuhudumia wagonjwa na wazee huhitaji cheti cha lugha, mara nyingi cha kiwango cha B1 au B2, na hicho husomewa kwa miezi mingi kabla ya mtu kupanda ndege. Kuhusu mawakala, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, huchapisha orodha ya waliosajiliwa, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma. Mimi ninayo intaneti. Sikusoma.

Wala usidhani jina kubwa la mdhamini linatosha. Uasin Gishu wazazi walilipa pesa za masomo ya Finland na Kanada kupitia mpango uliobeba jina la kaunti yenyewe, na mwaka 2023 walijikuta wakiandamana barabarani Eldoret kudai warudishiwe, hadi suala likafika mahakamani. Na wapo waliosafirishwa kweli, ambao pengine wangetamani wangekwama kama fundi wetu. Tangu 2022 vijana wa Kenya walioahidiwa kazi Thailand wamevushwa mpaka hadi Myanmar na kulazimishwa kutapeli watu mitandaoni. Mwaka 2025 serikali yenyewe ilikiri kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejikuta katika jeshi la Urusi, na baadhi yao walikuwa wameahidiwa kazi za kawaida. Hawa nao waliagwa. Nao walikuwa na masanduku.

Siku fundi alipokosa zile 70,000, simu ya ajenti ilianza kuita bila kupokelewa. Alipanda matatu hadi mjini, akapanda ngazi, akakuta chumba kitupu na kalenda ukutani. Hakurudi Landless siku hiyo. Wala kesho yake. Kwa karibu mwezi mzima alijificha kwa dada yake Ruiru, na wengi wetu tuliamini ameshafika Ujerumani. Kuna mtu hapa mtaani alikuwa akimtumia ujumbe wa kumwuliza kama huko kuna theluji, naye akijibu kwamba ipo.

Sidhani aibu hiyo ilikuwa yake. Aliyeiba ni mwingine, lakini aliyejificha ni yeye. Tungekuwa tumemfungulia mlango mapema, angekwenda polisi siku ile ile akiwa na risiti zake na namba za M-Pesa zilizopokea pesa, kabla laini hazijatupwa. Alipopata nguvu ya kwenda, mwezi ulikuwa umepita.

Sasa amerudi kazini. Yule fundi wa Kiganjo alimkubalia ashone kwake, analipwa kwa kila nguo. Anakanyaga Singer ile ile iliyokuwa yake, na aliyeinunua hajawahi kumkumbusha. Lile sanduku la bluu liko chini ya meza, limejaa vipande vya vitambaa. Mkopo wa chama bado anaulipa, 1,500 kila mwezi.

Juzi nilimpelekea shati. Kijana mmoja aliingia akitaka suti ya haraka, akasema anasafiri mwezi ujao, kila kitu kiko tayari, amebakiza kumalizia pesa ya viza. Fundi alisimamisha mguu. Hakumwambia habari zake hata kidogo. Alimtazama mikono, akamuuliza kwa upole, kama mama anavyomuuliza mtoto kama amekula: "Umeshachukuliwa alama za vidole?"

Kijana akasema bado.

"Basi kaa kwanza," akasema, akamvutia kiti.