Dhamana ya Roho ya Mwenzio

Je, mtu ajiungaye na jamaa wachache kupanda jabali refu, pasipo kiongozi wa kuajiriwa, huwa ametawakali kwa Mola wake au amejitia katika maangamizi? Tarehe 10 Agosti 1953, katika K2, mlima wenye kimo cha mita 8,611, wapandaji wa msafara wa Wamarekani walipokuwa wakimteremsha mwenzao mgonjwa, Art Gilkey, mmoja wao aliteleza, kamba zikatatana, na Pete Schoening, kwa shoka la barafu lililokitwa nyuma ya jiwe, akazuia anguko la watu sita, mgonjwa akiwa miongoni mwao. Kutawakali, basi, hakumwondolei mja wajibu wa kukaza fundo; na asiyekuwa tayari kuichukua dhamana ya roho ya mwenziwe, asijifunge naye kamba moja.