Kunyanyua na Kutwikwa

Huku Kyebando, kaskazini mwa Kampala, vijana waliokosa vyuma halisi hujaza saruji katika makopo mawili, wakayaunga kwa bomba, wakapata cha kunyanyua. Jioni moja tulipokuwa tukiwatazama, mwalimu mwenzangu aliuliza kama Julius Ssekitoleko alistahili lawama. Sikumjibu siku ile.

Habari yenyewe wengi wetu tunaikumbuka. Mwezi wa Juni 2021 mnyanyuaji huyo, kijana wa miaka 20, alifika Izumisano, Japani, pamoja na wanamichezo wenzake wa Uganda, kujiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Huko huko akaarifiwa kwamba hakufuzu na kwamba atarudishwa nyumbani. Tarehe 16 Julai alitoweka, ameacha barua isemayo kuwa maisha ya kwao ni magumu na kwamba angependa kufanya kazi Japani. Siku nne baadaye alipatikana Yokkaichi, akarejeshwa Uganda, akahojiwa na polisi.

Wenyeji wake walimpokea wakati wa maradhi ya korona, wageni wakipimwa kila siku. Kuwatoroka kulikuwa kuvunja amana, hilo silitetei. Lakini lugha yetu, ambayo sisi walimu hatuna budi kuisikiliza, hutenganisha kunyanyua na kutwikwa. Anyanyuaye hujichagulia uzito. Jukwaani mtu hutaja mwenyewe kilo azitakazo, hupewa majaribio matatu kwa kila mtindo, na akishindwa hukiachia chuma kikaanguka, wala haoni aibu. Akifaulu hukishikilia juu ya kichwa, ametulia tuli, mpaka apewe ishara ya kukishusha. Atwikwaye hakuchagua. Mzigo umewekwa kichwani pake na mwingine, na adabu ya mashambani, kwa wachotao maji na wakatao kuni, ni kwamba atwikwaye hapo awe na wa kumtua mbele ya safari.

Ssekitoleko alizinyanyua kilo zake mwenyewe. Matumaini ya jamaa na ya taifa alitwikwa. Kumtua kwenyewe kukawa ni kuambiwa arudi! Basi namlaumu, ila lawama yangu huanzia kwa waliomtwika, nami ni mmoja wao, kwani nilikuwa tayari kumshangilia na sikujiuliza atakula nini michezo ikiisha. Mwenzangu hakukubali, kwake yeye, mtu mzima hujibu mwenyewe kwa miguu yake.

Wale vijana wa makopo walipochoka walikishusha chuma chao wawili wawili, polepole, saruji isipasuke.