URITHI WA CHUMA



Mzee afarikipo, watoto hukaa pamoja kugawana alivyoacha: shamba, ng'ombe, baiskeli. Lakini ikionekana bastola kuukuu chini ya sanduku, mashauri hubadilika. Mmoja husema ifichwe. Mwingine iuzwe kimya kimya. Wa tatu hutaka ing'arishwe na kutundikwa ukutani kwa heshima ya babu. Ni yupi amheshimuye babu kweli?

Tuchukue mfano wa Webley Mark VI, iliyokubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915. Uzito wake wapita kilo moja, nayo huchukua risasi sita. Mwilini mwake zimepigwa alama: aina, namba na mwaka. Mara nyingi upo pia mshale mdogo, maana yake mali ya serikali. Mishale miwili ikikutanishwa ncha kwa ncha, ni ishara kwamba jeshi liliitoa na kuiuza. Mshale mmoja peke yake hautoshi kumhukumu babu kuwa mwizi, lakini watuuliza: chombo hiki kilimfikiaje?

Hapo ndipo penye mtihani. Wajuzi wa vitu vya kale huonya kwamba silaha kuukuu isisuguliwe kwa msasa wala kung'arishwa, kwa kuwa rangi ya awali huondoka na alama hufutika. Hupakwa mafuta mepesi tu, wala haiachwi ndani ya mkoba wa ngozi, kwa maana ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Basi, anayeing'arisha bastola ili ipendeze huharibu ushahidi wake. Sisi tuliosahihisha madaftari miaka mingi twajua kuwa mwanafunzi afutaye mpaka karatasi itoboke hakusahihisha kitu.

Habari za babu nazo twazing'arisha vivyo hivyo. Twasema alikuwa shujaa wa vita vya 1914 hadi 1918, tukaishia hapo. Lakini katika vita vile, kwa kila mwenye bastola walikuwapo watu wengi wenye mizigo vichwani. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi zaidi ya 40,000 waliandikwa kuwa wamekufa, wengi wao kwa maradhi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi chao. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliunda kikosi cha wapagazi mwaka 1916 na kufuatana nao mwenyewe. Wengi wao hawakuacha chuma cha kurithiwa. Kuitunza bastola na kuwasahau hao ni kutunza nusu ya kweli.

Yatupasa nini basi? Kwanza, tusiichezee, maana bastola ya kale yaweza kuwa na risasi ndani. Pili, tupeleke habari polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yataka mwenye silaha awe na leseni, na urithi si leseni. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tatu, tuyaandike tuyajuayo, matamu na machungu, kabla wazee hawajaondoka.

Chuma kikitoka nyumbani, babu hatoki. Afadhali watoto warithi daftari lenye kweli kuliko bastola ing'aayo isiyo na alama.